Bakuli la Maji Katika Sanduku la Gesi

Mimi sijui kungoja. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba nilizaliwa kabla mkunga hajafika, yeye akiwa bado anatafuta mahali pa kulala, na kwamba tangu siku hiyo sijakaa kitako mpaka chai ikapoa. Kanisani, mhubiri akisema anakuja kwa neno lake la mwisho, mimi huwa nimeshavaa viatu nilivyokuwa nimevivua chini ya benchi. Mtu wa namna hiyo ukimpa kazi, mpe ya kukimbia. Mimi nilipewa kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kuangalia kichupa cha kioo na kusubiri kama kitachafuka au hakitachafuka.

Nilikuwa muuguzi katika hospitali ndogo ya misheni upande wa Makueni, juu kilimani, mbali kidogo na barabara ya Mombasa. Ilikuwa miaka ya themanini, na Makueni ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos. Chumba changu kilikuwa nyuma ya chumba cha upasuaji, na humo vyombo vyote vya hospitali vilipita kutakaswa kabla havijaingia katika mwili wa mtu. Vya chuma havikunisumbua. Unavifunga kwa kitambaa, unavitia katika mashine ya mvuke, moto unafanya kazi yake nawe unakwenda zako. Shida ilikuwa vile vyenye mpira, plastiki na gundi. Hivyo ukivitia kwenye mvuke vinatoka vimejikunja kama kandambili iliyosahaulika karibu na jiko.

Kwa ajili ya hivyo tulikuwa na sanduku la gesi. Lilikuwa kabati la chuma lenye kimo cha kifua changu, mlango wake umezungushiwa mpira usipitishe hewa, na rafu zake zimetobolewa matundu. Chini kabisa mlikaa vidonge vya formalini, waya wa umeme wa kupasha joto la kadiri, na bakuli jeupe la maji. Joto lenyewe halikuwa la kuchoma. Gesi ndiyo iliyoua. Vyombo vilishinda humo tangu jioni hadi asubuhi, kisha tulifungua madirisha yote, tukaviacha vipigwe na upepo, tukavisuuza kwa maji yaliyotakaswa. Siku za kufungua sanduku nilitokwa na machozi kuliko mtu yeyote aliyefiwa pale hospitalini.

Sasa utajuaje kwamba gesi imefanya kazi? Hilo ndilo swali lililoninyima raha. Vijidudu havionekani vikiwa hai wala vikiwa maiti. Tulikuwa na mashahidi wawili. Wa kwanza ni kijitepe kinachobandikwa juu ya kila kifurushi, ambacho kikikutana na gesi hubadilika rangi. Watu wote hospitalini walimpenda shahidi huyu kwa sababu husema upesi. Lakini anachosema ni kimoja tu, kwamba gesi ilifika hapa. Kama iliua au ilipita ikisalimia, yeye hajui.

Shahidi wa pili ni mwenye kusema kweli, na ni mwenye kuchelewa. Ni kipande cha karatasi kilichopakwa vijidudu vilivyo katika usingizi mzito, vigumu kufa kuliko vyote. Unakificha kati ya vyombo, mahali ambapo gesi inapata taabu kufika. Asubuhi fundi wa maabara anakitumbukiza katika kichupa chenye mchuzi mwembamba wa kulishia vijidudu, na kichupa kinakaa katika kasha lenye joto la mwili. Kando yake anaweka kichupa kingine chenye karatasi ambayo haikuingia kwenye gesi kabisa. Hicho cha pili lazima kichafuke, upate kujua kwamba vijidudu vilikuwa hai tangu mwanzo. Cha kwanza kikichafuka pia, basi gesi haikuua, na vyombo vyote vilivyokuwa sandukuni havifai. Kikikaa safi wiki nzima, unashukuru. Wiki nzima, kwa mtu kama mimi.

Wenzangu waliona ninajitesa. Wao walitaka wodi ya wazazi, ambako mtu hupewa kuku na mtoto huitwa jina lake. Mimi niliomba kile chumba cha machozi mwenyewe, na sababu yangu ilikuwa uso wa mama yangu.

Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alikuwa na jicho moja. Lile la kushoto lilipotea nikiwa msichana wa shule, katika miaka ya sitini. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika hospitali moja ya mbali, akarudi nyumbani kwetu Kitui na bandeji yake, akicheka, akituambia tukae mbali na mlango tusije tukamgonga. Baada ya siku chache maumivu yakaanza, kisha usaha. Walipomrudisha, jicho lilitolewa. Tuliambiwa ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikasirika sana, na kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani, niliwakasirikia mbuzi. Miaka mingi baadaye, nikiwa katika chuo cha uuguzi, mwalimu alieleza chombo kichafu kinaweza kufanya nini ndani ya jicho. Niliacha kuandika, maana hatimaye nilikuwa nimempata wa kumkasirikia, na hakuwa mtu.

Halafu jicho la kulia nalo likaanza kufanya ukungu.

Daktari wa macho alikuja kwetu mara moja kwa mwaka, akitoka Nairobi na timu yake ndogo katika gari lililojaa masanduku. Alikuwa na kifaa kama kalamu, chenye mpira mrefu nyuma yake, ambacho kiligandisha mtoto wa jicho kwa baridi kali na kumvuta nje mzima. Kalamu hiyo haikuvumilia mvuke. Mwaka huo alitanguliza vifaa kwetu, pamoja na pakiti ya zile karatasi za vijidudu, na neno moja kwamba tulipime sanduku letu kabla hajafika. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu. Kabla ya hapo tulikuwa tunaishi kwa tepe tu. Nikatuma habari nyumbani kwamba Mwaitu aje.

Alikuja mapema, juu ya lori la mahindi ya msaada, kwa sababu kiangazi kilikuwa kibaya na magari ya kawaida yalikuwa hayana uhakika. Matangi ya hospitali yalikuwa yamefika chini. Matroni alifunga mifereji kwa kufuli akatembea na funguo kiunoni, na maji yalikuja kwa punda kutoka mtoni, kwenye visima vya kuchimbwa mchangani. Mwaitu alipewa kitanda mwisho wa wodi ya akina mama. Alishinda kwenye baraza akisuka kyondo, kikapu chetu cha mkonge, kwa kupapasa, miguu ameinyoosha, akiwaambia wagonjwa wengine kwamba binti yake ndiye mwenye hospitali.

Yule aliyepakia vyombo katika sanduku langu alikuwa mhudumu mmoja wa makamo, mnene, mpole, mtu wa Kitui kama sisi, kutoka upande ambako mito ni mchanga mwaka mzima. Kwa usafi hakuwa na mpinzani. Vyombo akishaviosha alivianika juani juu ya waya mpaka vikawa vya moto, kama tunavyoanika sahani na vibuyu nyumbani, kwa kuwa kwetu kitu kikavu ndicho kitu safi. Yeye na Mwaitu walipatana siku ile ile. Nikipita niliwasikia wakicheka kwa Kikamba, na nikisogea walinyamaza, kwa hiyo nilijua wanayemcheka ni nani.

"Huyu mama ni mtu," Mwaitu aliniambia. "Kila siku ananiletea maji ya kuosha uso. Wewe mtoto wangu hujaniletea hata kijiko."

"Mwaitu, maji iko na kufuli."

"Kwake haina kufuli?"

Niliondoka nimenuna, nikidhani mhudumu anajinyima mgao wake wa kunywa. Nilipanga kumpelekea sukari kama shukrani.

Kipimo cha kwanza kilikuwa tayari maabara. Nilikuwa nimepita pale asubuhi, nikapita tena kabla ya chai, na nilikuwa natafuta sababu ya kupita mara nyingine wakati fundi wa maabara alipokuja mwenyewe hadi mlangoni kwangu. Alikuwa kijana mtaratibu aliyevaa tai hata siku ya joto. Mkononi alikuwa na vichupa viwili.

"Sista, kuja kwa mwangaza," akasema.

Vyote viwili vilikuwa vimechafuka. Kile cha karatasi isiyoingia kwenye gesi kilikuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele, na kile cha karatasi iliyolala sandukuni kilikuwa vivyo hivyo, huwezi kujua kipi ni kipi ila kwa maandishi ya kalamu ya nta. Nilimwambia amechanganya. Akasema hakuchanganya. Nikamwambia amegusa kwa mkono mchafu, na kijana wa watu akaviinua tu vichupa tena kwenye mwanga, nami nikaona aibu. Ukweli ni kwamba hofu ilikuwa imenishika. Daktari alikuwa anakuja siku chache zijazo, na kalamu yake ilikuwa imelala katika sanduku ambalo haliui.

Nililikagua sanduku lile kama mtu anayemkagua punda kabla ya kumnunua. Mpira wa mlango ulikuwa mzima. Vidonge vilikuwa vipya. Waya ulipasha joto. Gesi ilikuwapo, macho yangu yalishuhudia. Tepe zilikuwa zimebadilika rangi zote, hata moja haikukosa. Nilizunguka chumba, nikatoka, nikarudi. Mwishowe nilipiga magoti, nikaingiza kichwa ndani, nikaona bakuli jeupe. Lilikuwa kavu. Sisemi kwamba maji yalikuwa yamekauka usiku ule. Lilikuwa na vumbi.

Lile bakuli si pambo. Gesi ya formalini ikiwa katika hewa kavu haiwezi kupenya ganda la vijidudu vilivyolala. Inataka unyevu, kitu kiwe na hali ya asubuhi yenye umande. Ukiichanganya na vyombo vilivyochomwa na jua la Ukambani na ukaacha bakuli kavu, unapata harufu kali, tepe nzuri, na vijidudu vinavyoamka na njaa.

Nilimwita mhudumu. Alikuja akijifuta mikono.

"Mama, hii bakuli ilikuwa na maji lini mara ya mwisho?"

Aliinama akaitazama, kisha akanitazama mimi bila wasiwasi. "Tangu matroni afunge mfereji sijaweka, Sista. Hiyo maji matroni ananipimia ya sanduku inakaa humo bure. Asubuhi inatoka inanuka dawa, hata kuku hawezi kunywa. Niliona ni dhambi."

"Si nilikuambia ni ya kusaidia gesi?"

"Uliniambia. Lakini vitu si vinatoka vikavu vizuri?"

Kweli nilikuwa nimemweleza, zaidi ya mara moja, naye aliniitikia kwa adabu kama mtu anavyoitikia mahubiri ya kanisa jingine. Nilifungua mdomo nimfokee. Mtu yeyote pale hospitalini angekuambia kwamba kufoka sikuhitaji kujiandaa. Lakini macho yangu yalirudi kwenye lile bakuli. Nimelelewa katika nyumba ambayo maji ya kunawa uso yalinawa miguu, kisha yakamwagiwa mche wa mpapai. Mwaitu hakutuchapa kwa kuvunja kibuyu, alituchapa kwa kumwaga kilichokuwa ndani. Kumwambia mwanamke wa Kitui, wakati wa kiangazi, afungie bakuli la maji safi kabatini mpaka asubuhi kisha alimwage ni kumwambia atupe chakula mbele ya watoto. Msomi kutoka Nairobi angeweza kulisahau bakuli lile. Kuliacha kavu kwa makusudi, kwa moyo mweupe, kulihitaji mtu wa kwetu.

"Na hiyo maji yenyewe ulikuwa unaipeleka wapi?" nikauliza, kwa sababu nilitaka kusema kitu.

"Kwa mama yako," akasema. "Ananawa uso. Si ni mgonjwa wa macho?"

Nilikaa juu ya kigoda. Wenzangu walisema baadaye kwamba hawakuwa wamewahi kuniona nimekaa mchana.

Nilimwendea matroni nikapata funguo. Tulijaza bakuli. Tulikataza kuanika juani. Vyombo vyote vilirudi sandukuni, kalamu ya daktari ikiwa imezungushwa katikati na karatasi mpya ya vijidudu imefichwa ndani ya mzunguko wa mpira wake. Kesho yake fundi wa maabara alitumbukiza karatasi katika mchuzi, na kungoja kukaanza upya. Mtu yeyote aliyejua hesabu ndogo angeona tatizo. Wiki ingeisha baada ya daktari kuondoka.

Daktari alipofika nilimwambia yote akiwa bado hajashusha masanduku. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini na madoa ya dawa kwenye vidole. Hakukasirika. Alikuna kichwa, akaomba chai, akasema wale ambao macho yao yalimruhusu kutumia koleo la chuma atawapasua kwa koleo, kwa njia ya zamani, maana chuma kinapita kwenye mvuke. Akawapima wote baraza nzima. Alipofika kwa Mwaitu alimulika jicho lile la kulia, kisha akatazama lile shimo la kushoto, akazima tochi.

"Huyu nataka kalamu," akaniambia. "Jicho la pekee sitabahatisha na koleo."

Basi kila kitu kikawa juu ya kichupa. Asubuhi wagonjwa waliingia chumba cha upasuaji mmoja mmoja wakatoka na bandeji, na mimi kati ya kifurushi kimoja na kingine nilikuwa maabara. Kile kichupa cha karatasi isiyoingia kwenye gesi kilichafuka upesi kama ilivyotakiwa. Kile kingine kilikaa safi. Nilikiinua kwenye mwanga, nikakitikisa, nikakirudisha, nikakitoa tena. Fundi alivumilia mwanzoni. Halafu nikakuta amefunga mlango wa kasha kwa bandeji, mafundo mawili.

"Sista, ukifungua fungua joto inatoka," akasema, akiweka tai yake sawa. "Utafanya hata hizi dudu zilale kwa baridi, tena tudanganyike ni gesi imeziua."

Alikuwa na haki. Nilikwenda kukung'uta vitambaa vilivyokuwa vimeshakung'utwa.

Usingizi ulinikimbia. Chakula kilikuwa kama majani makavu. Nilimpita Mwaitu kwenye baraza bila kusimama kwa sababu angeniuliza, na kweli aliuliza kila aliposikia viatu vyangu. Kyondo chake kilikuwa kinakaribia mdomo. Alikuwa amekwisha kukatwa nywele za kope, tayari kwa kisu, na uso wake ulionekana uchi na wa kitoto.

Asubuhi ya mwisho gari lilikuwa limeanza kupakiwa, timu ikielekea Kibwezi ambako watu wengine walikuwa wakiwangoja. Daktari aliacha meza moja imetandikwa. Alikuja chumbani kwangu akasimama mlangoni.

"Kichupa kikoje?"

"Safi mpaka sasa."

"Mara nyingi kikitaka kuchafuka kinachafuka siku za kwanza."

"Mara nyingi," nikasema.

Alitabasamu kidogo. "Mimi ningekubali, Sista. Lakini sanduku si langu. Ukiniambia liko sawa, nampasua mama yako sasa hivi, halafu tunaondoka. Ukiniambia bado, ni mwaka ujao."

Nilikuwa nimeomba mtu mwingine aamue. Nakumbuka nilitazama ndani ya sanduku, bakuli limo, limejaa, maji yametulia. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasukuma kusema ndiyo. Maisha yangu yote nimesema ndiyo kabla swali halijaisha. Nikaona bandeji ya mwaka ule wa utoto wangu, na Mwaitu akicheka mlangoni, akiwa hajui bado.

"Bado, daktari," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa akaenda kukunja vitambaa. Mimi nilitoka kwenda kwenye benchi, ambako Mwaitu alikaa na gauni la upasuaji, mikono juu ya magoti.

"Mwaitu, turudi wodini. Bado."

"Bado nini?"

"Bado sijajua kama vyombo ni safi."

"Daktari anajua."

"Daktari pia hajui. Kichupa hakijamaliza."

Aligeuza uso kule lilikokuwa likinguruma gari. "Mwana wakwa, mwanangu," akasema, "kama ningekuwa mama wa mtu mwingine, si ungeniruhusu?"

Nilimwambia singeruhusu. Nilisema upesi, kwa sauti ya kazi. Hata leo sijui kama ni kweli, na nimejaribu kujua.

Gari liliondoka. Mwaitu akaondoka siku iliyofuata na lori, hakutaka kunisubiri nipate ruhusa nimsindikize. Wiki ilipotimia fundi alifungua yale mafundo yake, akatoa kichupa, akakiinua dirishani. Kilikuwa safi kabisa. Gesi yenye maji ilikuwa imeua kila kitu. Kalamu ilikuwa salama asubuhi ile, jicho lingefanyiwa upasuaji, na Mwaitu angekuwa anaona. Watu walinipongeza kwamba sanduku limepona. Nilitoka nje nikaipiga teke ndoo tupu, ikabingirika mpaka kwenye mlango wa jikoni, mpishi akatoka kuangalia ni nani, akaniona, akarudi ndani.

Mwaka ule mvua ilinyesha kama iliyokuwa ikidaiwa. Kitui ilivaa majani mpaka kwenye mawe. Nilipokwenda nyumbani Mwaitu aliniuliza mbaazi zimefika wapi, nikamwonyesha kwa kuushika mkono wake na kuuinua hadi kimo cha mimea. Dada yangu alijifungua, na Mwaitu akamsoma mtoto kwa vidole, pua, masikio, akisema amefanana na fulani na fulani. Karibu na mavuno aliteleza kwenye ukingo wa ngazi za shamba, zile zilizochimbwa kuzuia mmomonyoko, akiwa peke yake, akaanguka hadi ngazi ya chini. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika. Mtu wa kijijini alikifunga, kikaungana kimepinda, na kikabaki hivyo mpaka alipokufa.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, na kujitetea naweza. Yeye aliwaambia wageni tu, kwa ule mkono uliopinda akiwamiminia chai pembeni ya kikombe, "Huyu binti yangu ana kazi kubwa. Anangojesha watu." Wageni walicheka. Mimi nilikwenda kuchanja kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Daktari alirudi mwaka uliofuata. Safari hii kipimo kilikuwa kimemaliza wiki yake kabla gari halijapanda kilima, na mhudumu wangu ndiye aliyejaza bakuli, akaninong'oneza kwamba bado linamuuma rohoni lakini amelijaza. Kalamu ilifanya kazi yake. Bandeji ilipotolewa jicho la Mwaitu lilikuwa safi na tulivu, bila tone la usaha. Nilijifungia katika stoo ya vitambaa nikalia kwa sauti, na safari hii hata sikusingizia formalini.

Mwaitu alipokuja tena kuchukua miwani, ile mizito iliyomfanya aonekane ameshangaa daima, alinitazama muda mrefu, akasema nimenenepa vibaya. Kisha akasema, "Nipeleke nione hiyo kitu."

"Kitu gani, Mwaitu?"

"Ile ilininyima jicho mwaka mzima."

Siku hizo tulipima sanduku kila wiki, kwa hiyo vichupa havikukosekana. Fundi wa maabara alimpa kiti. Mwaitu alikikataa, akasimama dirishani, akashika kichupa kwa mkono ule uliopinda. Alikileta karibu na miwani, akakipeleka mbali.

"Hakuna kitu hapa," akasema.

"Ndiyo. Hiyo ndiyo nilikuwa nangoja."

"Mwaka mzima kwa hii hakuna kitu."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Na ile nyingine?"

Fundi akampa kile kilichochafuka. Alikiinua, akakiona cheupe, kinene, kikijikokota kioo kilipoinama. Mkono wake wa kushoto ulipanda taratibu, ukaingia chini ya miwani, ukagusa kope zilizolala juu ya lile shimo.

"Ni hii iliingia hapa," akasema.

"Labda. Wakati ule hakuna mtu aliangalia."

Alirudisha kichupa kibaya kwa fundi, akifuta vidole kwenye leso yake. Kile safi hakukirudisha. Nje kengele ya chakula ilikuwa inalia, kulikuwa na vifurushi vinaningoja mezani, mguu wangu ulikuwa umeshaanza kugonga sakafu.

"Hii nzuri sasa mtaimwaga?" akauliza.

"Tutaimwaga, Mwaitu."

"Basi ngoja kwanza," akasema, akikigeuza kwenye mwanga. "Ngoja niiangalie."

Nikangoja.